Mizigo ya Jirani, Riziki ya Nyumbani

Sekta ya huduma hujumuisha kazi zinazouzwa bila mtu kulima, kuchimba wala kutengeneza bidhaa: uchukuzi, biashara, benki, simu, utalii, tiba, elimu. Nchini Tanzania mchango wake katika pato la taifa unazidi ule wa kilimo, ingawa wananchi wengi bado wanaishi kwa jembe. Thamani hiyo hutoka wapi? Jibu lililo wazi zaidi liko katika mizigo ya nchi jirani inayopitia bandari ya Dar es Salaam.

Shaba ya Kolwezi, Kongo, huchimbwa na kuyeyushwa mbali na Tanzania, na mnunuzi wake yuko ng'ambo ya bahari. Lakini ikishavuka mpaka wa Tunduma, ina safari ya kilometa zaidi ya 900 hadi bandarini, na njiani inalisha wengi. Wakala wa forodha hushughulikia nyaraka, mwenye lori hudai nauli, dereva na utingo hupata posho, bandari kavu hutoza hifadhi, bandari hutoza upakiaji. Wenye mizigo hiyo ni wateja wa nje, nao huleta fedha za kigeni, kama inavyoleta korosho. Katika mapato ya huduma ambazo Tanzania huziuzia nchi za nje, uchukuzi unatanguliwa na utalii tu.

Fedha hizo hazibaki bandarini. Makambako, ambako malori husimama kupimwa kwenye mizani, dereva hula kwa mama lishe, huziba pancha na akichoka hulala gesti. Hata magari yaliyotumika yanayokwenda Zambia na Kongo, yale yanayoitwa magari ya IT, yana madereva wake maalumu wanaoishi kwa kuyafikisha mpakani.

Biashara hii ilikuzwa na siasa. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake ilitegemea reli za kusini zilizopitia Rhodesia. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, ikakamilika mwaka 1975 kwa msaada wa China.

Leo mteja ana pa kuchagua: Beira, Durban, Walvis Bay, Lobito. Shamba halihami, lakini kontena huhama kwa uamuzi wa siku moja. Mwaka wa fedha 2016/17 serikali ilitoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma zinazoambatana na mizigo ya kupita. Wasafirishaji na mawakala walilalamika kwamba wateja wanakimbilia bandari nyingine, na bajeti iliyofuata ikaiondoa. Foleni ya Tunduma nayo ni gharama vilevile: lori lililokwama siku tatu halimwingizii mwenyewe kitu, na mwenye shaba huzihesabu siku hizo anapochagua bandari.

Malori hayo pia huchakaza barabara, na matengenezo hulipiwa na umma. Ndiyo sababu kubwa ya kuirudisha mizigo mizito relini. Hilo litaisaidia bandari, ila behewa halisimami Makambako kula wala kuziba pancha, na watu wa mji huo watahitaji wateja wengine.