Asili ya Sandarusi: Jina la Bandari na Ushahidi wa Utomvu

Makala haya yanaeleza jinsi asili ya sandarusi ilivyotambuliwa. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto Pangani na kupita chini ya milima ya Upare, ilipo Same ya leo. Pembe za ndovu ziliteremshwa pwani kwa njia hiyo. Sandarusi haikutoka huko. Msandarusi ni mti wa misitu ya joto ya pwani, wala si wa misitu ya baridi kama ile ya Shengena. Utomvu wake wa kale ulichimbwa ardhini huko Mrima, ukasafishwa Unguja, kisha ukauzwa ng'ambo kwa jina la Zanzibar. Hivyo jina lilitaja bandari, si chimbuko.

Wenyeji waliitenga sandarusi iliyokomaa ardhini na chakazi, yaani utomvu mbichi. Wafanyabiashara Waingereza walilipotoa neno chakazi hata likasikika kama jina la punda katika lugha yao. Chimbuko la sandarusi ya ardhini lilileta utata, kwani ilichimbwa hata mahali ambapo misandarusi haikuwapo tena. Mwishoni mwa miaka ya 1860 John Kirk, daktari na mwanabotania aliyeishi Unguja, alichunguza mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya vipande hivyo, akabaini kuwa ni ya msandarusi uleule ulio hai.

Aidha, kemia imeongeza ushahidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba utomvu uliofukuliwa Unguja Ukuu ni sandarusi iliyofukizwa kama ubani katika karne ya 7 au ya 8.

Ushahidi mwingine umetoka mbali zaidi. Mwaka 1991 George Poinar alieleza mti uliotoweka, uliozalisha kaharabu ya Jamhuri ya Dominika mamilioni ya miaka iliyopita. Mti huo unafanana zaidi na msandarusi wa Afrika Mashariki kuliko na jamaa zake walio hai Amerika. Kwa kuwa maganda ya mbegu za jamii hii huelea, imetolewa hoja kwamba mikondo ya bahari iliyachukua kutoka Afrika hadi Amerika. Kwa hoja hiyo, kilichovuka bahari ni mbegu; utomvu ulitoka na kugandamana palepale mti ulipoota.

Ni dhahiri, basi, kwamba asili ya sandarusi husomwa ndani ya kipande chenyewe, wala si katika jina la soko lake.