Bunduki ghali ya risasi ndogo: Fedha hununua nini hasa?

MKULIMA wa viunga vya Kosele, katika Kaunti ya Homa Bay, anaijua vyema gharama ya kulinda shamba. Mahindi yakianza kukomaa na njugu karanga zikikaribia kung'olewa, tumbili, ambao Waluo huwaita ong'er, hutoka vichakani na kuharibu kwa asubuhi moja kazi ya miezi kadhaa. Hapo hulazimu mtu wa nyumba hiyo aende kuamia, na mara nyingi anayetumwa ni mtoto aliyestahili kuwa darasani.

Katika hali kama hiyo, si ajabu mtu akajiuliza iwapo bunduki ndogo isingemwondolea adha hiyo. Bunduki za kaliba ya .22 husifiwa ughaibuni kuwa silaha ya mkulima: nyepesi, zenye kishindo kidogo na risasi za bei nafuu. Lakini anayetazama bei zake hushangaa. Nchini Marekani, bunduki ya kawaida ya aina hiyo, kama vile Ruger 10/22 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1964, hupatikana kwa dola 300 hivi au zaidi kidogo. Ile ya mashindano kutoka kampuni ya Anschütz ya Ujerumani huweza kufikia dola 4,000 na kupita. Kwa kiwango cha karibu Sh130 kwa dola, hiyo ni tofauti ya Sh39,000 na Sh520,000, ilhali zote mbili hutumia risasi ya aina moja.

Je, tofauti hiyo ya bei ni ya haki? Jibu hutegemea zaidi shabaha ya mnunuzi kuliko bunduki yenyewe.

Risasi ya .22 ni ya ukoo wa kale. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alibuni mfano wake wa kwanza mwaka wa 1845, nayo kampuni ya Stevens ya Marekani ikatoa mwaka wa 1887 aina inayotumika hadi leo. Katika risasi kubwa za kisasa, fataki hupachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi hii ndogo, dawa ya kulipuka hutandazwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, na msumari wa bunduki hupiga ukingo ili kuiwasha baruti.

Ili ukingo huo uweze kubonyea, ganda halina budi kuwa jembamba. Ganda jembamba nalo haliwezi kustahimili shinikizo kubwa. Ndiyo maana kichwa cha risasi huwa na uzito wa gramu 2.6 tu, na huondoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 330 kwa sekunde, karibu sawa na mwendo wa sauti. Kwa sababu ni nyepesi na si ya kasi sana, hata upepo mdogo huisukuma kando.

Udhaifu huo ndio unaoeleza mahali zinapokwenda fedha za mnunuzi wa bunduki ghali. Kwanza ni mtutu, ambao huchongwa na kusuguliwa kwa uangalifu mkubwa hadi upana wake wa ndani ukawa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili ni triga, ambayo hurekebishwa ifyatuke kwa mguso mwepesi bila kuutikisa mkono. Tatu ni kitako, ambacho huweza kurefushwa, kuinuliwa au kushushwa kulingana na umbo la mlengaji.

Matunda ya kazi hiyo huonekana katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, yaani karibu na upana wa punje moja ya hindi. Mshindani hulilenga akiwa amepiga magoti, amelala na amesimama, na milimita moja huweza kutenganisha medali na mkono mtupu. Kwa mtu huyo, bunduki ya dola 4,000 si anasa bali ni chombo cha kazi.

Hata hivyo, wapo wanaonunua bunduki hiyo na bado wakakosa matokeo waliyoyatarajia. Sababu kubwa huwa ni risasi. Anayetumia bunduki yenye fataki ya katikati huweza kuokota maganda, akayajaza upya na kupima baruti mwenyewe. Ganda la .22 likishapigwa ukingo limekwisha kazi. Mlengaji hutegemea kile kilichotoka kiwandani.

Tofauti ndogo za kiwandani huwa na athari kubwa. Ikiwa risasi moja itaondoka kwa mwendo uliopungua mita kumi kwa sekunde kuliko mwenzake, itatua karibu sentimita tatu chini zaidi kwenye umbali wa mita 100. Hakuna mtutu unaoweza kusahihisha kosa hilo. Kwa sababu hiyo, washindani wakubwa hupeleka bunduki zao kwa watengenezaji kama Eley wa Uingereza ili zijaribiwe kwa risasi za mafungu mbalimbali, kisha hununua fungu lililokubaliana na mtutu wao. Risasi hizo za mashindano huuzwa mara kadhaa ya bei ya zile za kawaida.

Funzo la hapo ni kwamba faida hupungua kadiri bei inavyopanda. Kutoka bunduki mbovu hadi bunduki nzuri ya bei ya wastani, mlengaji huona mabadiliko makubwa. Kutoka hapo hadi ile ya bei ya juu kabisa, hununua milimita chache. Mwenye bunduki ya wastani aliyetumia fedha zilizobaki kununua risasi bora na kufanya mazoezi, aghalabu humshinda mwenye bunduki ya fahari asiyefanya mazoezi.

Hayo ni mahesabu ya mlenga shabaha wa ng'ambo. Kwa mkulima wa Kosele, bei ya dukani ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Nchini Kenya, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukubwa wa risasi si hoja: .22 ni bunduki kama bunduki nyingine. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya kuridhisha na kuthibitisha kwamba hatahatarisha usalama wa umma, na kupatikana na silaha bila cheti huweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka mingi. Hata walio na vyeti hawaachwi hivi hivi. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwapa wamiliki wote siku 90 kukaguliwa upya.

Sheria ya pili ni ile ya wanyamapori. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kuua mnyama wa porini apendavyo. Kwa hivyo, hata mwenye cheti cha bunduki hajapata ruhusa ya kumfyatulia tumbili risasi.

Hapa ndipo penye uchungu wa wakulima. Sheria hiyo ya 2013 iliweka fidia kwa mimea iliyoharibiwa na wanyama kama ndovu, nyati na kiboko, lakini tumbili hakuwekwa katika orodha hiyo. Mwananchi alikatazwa kumuua mnyama huyo, na papo hapo hakuahidiwa malipo kwa hasara anayoileta.

Kuna pia suala la usalama. Risasi ya .22 huitwa ndogo, lakini ikielekezwa juu huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na huruka kando ikigonga jiwe au maji. Katika eneo ambalo boma moja hupakana na jingine, na watoto huvuka mashamba wakienda shule, risasi iliyomkosa tumbili mtini haijulikani itamwangukia nani. Bunduki ya dola 4,000 haipunguzi hatari hiyo.

Kilichobaki ni njia zisizo na fahari lakini zenye faida. Majirani wanaopakana na kichaka kimoja huweza kuamia kwa zamu, watu wazima wakiwemo, badala ya kila nyumba kumtoa mtoto wake shuleni. Mbwa macho husaidia, kama inavyosaidia kupanda kando ya kichaka mazao ambayo tumbili hawayapendi na kuyaweka mahindi karibu na nyumba. Wanyama wakizidi, ripoti hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo lina maafisa katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Ripoti zilizoandikwa na kuhesabiwa ndizo pia zinazoweza kuwapa wabunge hoja ya kutaka orodha ya fidia ibadilishwe.

Bunduki ghali ya risasi ndogo, basi, ina thamani ya bei yake kwa yule ambaye milimita moja humpa au humnyima medali. Kwa mwingine yeyote, ile ya wastani ingetosha. Na kwa mkulima anayepigana na tumbili, hata ikitolewa bure bado ingekuwa ghali, maana haina ruhusa ya kufanya kazi aliyoitakia, na ikikosea, atakayeumia huenda akawa mtoto wa jirani.