Garissa hadi Nairobi: Masafa, Muda na Mwili wa Mgonjwa Angani

Kutoka Garissa hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni takriban kilomita 330 kwa mstari mnyoofu. Barabara ya Mwingi na Thika ni kama kilomita 370, na mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yaliikata karibu na Madogo. Wajir iko kilomita 500 hivi kutoka Wilson; Mandera ni 800 na ushei.

Muda wa safari hutegemea ndege. Cessna Caravan yenye injini moja huenda kilomita 300 hivi kwa saa, hivyo hufika Garissa kwa saa moja na dakika kadhaa, na Mandera kwa karibu saa mbili na dakika 40. Pilatus PC-12, inayokaribia kilomita 500 kwa saa, humaliza safari ya Garissa chini ya saa moja. Lakini ndege za madaktari wa AMREF, huduma iliyoasisiwa mwaka 1957, huondokea Wilson. Mgonjwa wa Mandera huingojea ndege ije kwanza. Kufikia wakati anapotua Nairobi, ndege imekata zaidi ya kilomita 1,600.

Upepo nao una hesabu yake. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa upepo mkali kutoka kusini hupita juu ya Garissa, nguvu zake zikiwa kwenye kimo cha kama kilomita moja na nusu. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza katika miaka ya 1960, akitumia vipimo vya Garissa miongoni mwa vingine. Caravan ikisukumwa kwa kilomita 40 kwa saa hufika Mandera kwa saa mbili na dakika 25 hivi. Ikirudi dhidi ya upepo huohuo, huzidi saa tatu.

Kwa mgonjwa, kimo ni jambo zito kuliko dakika. Garissa iko takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, Wilson karibu 1,690. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa kama asilimia 17, na hewa iliyonaswa mwilini hutanuka kwa takriban moja ya tano. Katika kabini yenye shinikizo la kimo cha mita 2,400, hutanuka kwa karibu theluthi. Aliyeumia kifua kwa ajali, hewa ikavujia kati ya pafu na mbavu, anaweza kubanwa pafu hadi ashindwe kupumua. Ndiyo maana hutiwa mrija wa kuitoa hewa hiyo kabla ya kupaa. Puto dogo linaloshikilia mpira wa kupumulia kooni hukaguliwa njiani, maana nalo hutanuka.

Oksijeni hupungua kwa kiwango kilekile. Mtu mzima mwenye afya hahisi sana. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto mwenye nimonia, huhitaji oksijeni ya ziada tangu mwanzo.

Daktari anaweza kumwomba rubani aruke chini ili kabini ibaki na hewa nzito, ingawa hapo mafuta huliwa zaidi na mwendo hupungua. Kushusha kimo cha kabini chini ya mita 1,690 hakumwepushi mgonjwa na badiliko la shinikizo, kwa kuwa hewa ya Wilson ndiyo atakayoivuta akishatua.