Matangazo ya mji wa dhahabu: funzo kutoka Coolgardie

Tangazo la biashara ni kauli, na kila kauli ina mwenyewe atakayeulizwa juu yake. Anayetaka kujua mji fulani uliishi vipi zamani haishii kwenye barua za magavana na hukumu za mahakama. Hufungua pia magazeti ya wakati huo, akasoma kurasa ambazo aghalabu sisi huziruka: kinauzwa, kinapangishwa, tumefungua duka. Humo hudhihirika watu walihitaji nini, walihofu nini, na ni nani aliyechuma kutokana na haja na hofu hizo. Mfano mmojawapo ni mji wa Coolgardie, huko Australia Magharibi.

Mwezi wa Septemba 1892, nchi hiyo ingali koloni la Uingereza, Arthur Bayley na William Ford walipata dhahabu katika nyika kavu isiyo na mto wala chemchemi. Bayley alipanda farasi hadi Southern Cross, mwendo wa kilomita 190 hivi, akasajili haki yake huku amebeba wakia 554 za dhahabu. Habari zikaenea. Baada ya miaka michache nyika ile ilikuwa mji wa maelfu ya watu, wenye mabenki, hoteli na masoko ya hisa. Mwaka 1894 likaanzishwa gazeti la Coolgardie Miner, na mwaka uliofuata, katika mji jirani, likaanza Kalgoorlie Miner.

Kurasa za matangazo za mji wa namna hii zilikuwa ni ramani ya mahitaji yake. Walikuwamo wauza mahema, sururu na ndoo. Wapimaji wa dhahabu, madalali wa hisa na mawakili. Wenye hoteli, wauza nguo na watengeneza majeneza. Wauza dawa nao hawakukosa wa kuwasikiliza, kwani homa ya matumbo iliwaua wengi katika mahema yale. Mgonjwa aliye mbali na daktari humsadiki upesi anayejisifu kwa sauti kubwa, na huo ndio mlango ambao mwenye dawa ya kila ugonjwa amekuwa akiingilia tangu zamani.

Hata hivyo, bidhaa iliyotawala maisha ya Coolgardie ilikuwa ni maji. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo watu walijenga mitambo ya kuyakeneka: huchemshwa kwa kuni, mvuke ukanaswa na kupozwa, kisha maji matamu yakauzwa kwa galoni. Miti iliyouzunguka mji ikateketea kwa kazi hiyo. Mchimbaji aliyekuja kutafuta utajiri alijikuta akigawa kipato chake kila siku baina ya tumbo na kiu.

Haja hiyo ilizaa pia chombo cha manufaa. Katika miaka hiyo ya 1890, mkandarasi mmoja wa hapo, Arthur McCormick, alibuni kabati la kuhifadhia chakula lililozungushiwa gunia. Juu yake palikuwa na sinia la maji, na maji yakishuka taratibu yalilowesha gunia. Upepo ukipita, ndani hupoa. Ni kanuni ile ile inayoupoza mtungi wa maji majumbani mwetu. Kabati hilo lilienea Australia nzima kwa jina la mji wenyewe, kwa kuwa lilifanya kazi iliyosemwa kwamba linafanya.

Sasa tujiulize: bidhaa zilizojaa madukani zilifikaje? Reli haikufika Coolgardie mpaka Machi 1896. Farasi walihitaji maji mengi katika njia isiyo na maji, ilhali ngamia aliweza kubeba zaidi ya kilo 300 na kuvumilia kiu kwa siku kadhaa. Waliowaongoza ngamia hao aghalabu walikuwa ni Waislamu waliotoka Afghanistan, Baluchistan na Punjab, ambao wenyeji waliwaita wote Waafghani. Miongoni mwa wenye misafara mikubwa ni ndugu wawili, Faiz na Tagh Mahomet. Unga, chai na vifaa vya migodi vilivyosifiwa gazetini vilikuwa vimepita mgongoni mwa ngamia wa watu hao.

Lakini mji uliokula kwa jasho lao haukuwapokea kwa moyo mweupe. Sheria ya machimbo iliwabana watu wa Asia na Afrika wasipate vibali vya kuchimba, na mwaka 1894 mikutano ya kuwapinga Waafghani ilifanyika hapo hapo Coolgardie. Januari 1896 Tagh Mahomet aliuawa na Mwislamu mwenzake, msikitini, akiwa katika sala. Nduguye Faiz hakukata tamaa. Mwaka 1905 ndiye aliyeweka jiwe la msingi la msikiti wa Perth, ambao ungali unasaliwa hadi leo.

Zipo pia kauli zilizowaangamiza watu. Mwaka 1894 uligunduliwa karibu na mji mgodi wa Londonderry, uliotoa dhahabu nyingi ajabu kutoka katika shimo dogo. Shimo likazibwa na kulindwa, na huko London ikaanzishwa kampuni ya mtaji wa pauni 700,000, hisa zikinadiwa kwa sifa za shimo hilo. Lilipofunguliwa mwaka 1895, ilibainika kwamba utajiri wote ulikuwa karibu na uso wa ardhi. Chini hapakuwa na kitu cha maana. Walionunua hisa walikuwa wamelipia sifa, si dhahabu.

Januari 1903 maji ya bomba yaliwasili kutoka Mundaring, umbali wa zaidi ya kilomita 500, na biashara ya kukeneka ikakosa soko. Dhahabu ya Coolgardie nayo ilikuwa imeanza kupungua. Watu wakahama, na magazeti yake yakafungwa moja baada ya jingine.

Ndugu msomaji, mbinu zile hazikufa na mji ule. Leo tangazo huingia kwenye simu ya mama nyumbani: weka akiba yako katika dhahabu, utavuna maradufu, kunywa dawa hii, utapona kila maradhi. Kabla ya kutoa fedha ya ada za watoto, familia na ikae pamoja na kuuliza: Ni nani anayesema? Bidhaa yenyewe imeonekana na nani, na kwa kina gani? Muuzaji anapatikana wapi ikidhihiri kasoro? Na wewe mfanyabiashara unayetangaza, itaje kasoro ya mali yako kama unavyoutaja uzuri wake. Kuificha ni ghushi, hata kama mnunuzi hakuuliza.