Maroza chini ya shitingi: dawa inapozidisha wadudu

Kiangazi kikifika, kuanzia mwezi wa 6, maroza yaliyopandwa chini ya shitingi yanaanza kuonyesha vidoti vya njano kwenye majani. Mwenye kuuza anakimbilia dawa ya vilulu, anapuliza, na nyuma ya wiki mbili hali inakuwa mbaya zaidi. Juu ya nini? Anayefyonza majani ni akarieni: miguu 8 kama buibui, hafiki hata milimetre moja. Dawa nyingi za vilulu hazimuwezi, lakini zinaua wale wanaomkula. Tena ndani ya shitingi kuna joto na mvua haiingie, basi anazaana haraka. Geuza jani: ukiona utando mwembamba, njo yeye. Nyunyiza maji yenye nguvu chini ya majani, asubuhi, mara kwa mara. Mti uliojaa utando utolewe kabla haujagusa mingine.