Aishi Manula

Aishi Salum Manula (alizaliwa mkoani Morogoro, 13 Septemba 1995) ni mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Tanzania anayecheza nafasi ya golikipa. Amezichezea Azam FC na Simba SC katika Ligi Kuu Tanzania Bara, pamoja na timu ya taifa ya Tanzania, maarufu kama Taifa Stars. Alikuwa kipa wa kwanza wa Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2019 na zile za 2023 zilizochezwa Januari 2024.

Tofauti na wachezaji kadhaa wa kizazi chake waliokwenda kucheza nje ya nchi, Manula amejenga jina lake akiwa katika ligi ya nyumbani. Kwa sababu hiyo historia yake inaonyesha pia mabadiliko ya nafasi ya golikipa katika soka la Tanzania: kukua kwa vituo vya vijana, mafanikio ya klabu katika mashindano ya Afrika, na ujio wa makipa wa kigeni.

Mkoa wa Morogoro na soka

Morogoro ni mkoa mkubwa wenye historia ndefu ya soka. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyoanzia kwenye kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000.

Hata hivyo, umbali kati ya maeneo ya mkoa huo umekuwa kikwazo kwa vijana wengi. Bonde la Kilombero, lenye mji wa Ifakara, mashamba ya mpunga na mashamba ya miwa ya Kidatu, liko kusini mwa mkoa. Kutoka Ifakara hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Timu ya huko huanzia ligi ya wilaya. Bingwa wa wilaya hucheza ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa huenda kwenye ligi ya mabingwa wa mikoa kutafuta nafasi ya kupanda daraja. Baada ya hapo bado zipo ngazi mbili kabla ya Ligi Kuu, ambazo kwa miaka mingi ziliitwa Ligi Daraja la Pili na Ligi Daraja la Kwanza.

Kwa golikipa njia hiyo ni nyembamba zaidi. Timu huingiza uwanjani wachezaji kumi wa ndani lakini kipa mmoja tu, na kipa wa akiba huingia mara chache, hasa mwenzake anapoumia au kupewa kadi nyekundu. Kijana anaweza kuwa na kipaji na bado akamaliza msimu mzima bila kucheza. Vituo vya kulea vijana vya klabu kubwa vilifungua njia nyingine, na Manula ni mmoja wa waliopitia huko.

Azam FC

Azam FC ilianzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa makampuni ya Bakhresa jijini Dar es Salaam, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008. Klabu hiyo ilijenga uwanja wake huko Chamazi pamoja na kituo cha vijana. Manula alikuzwa katika kituo hicho na alianza kuitumikia timu ya wakubwa mwaka 2012. Miongoni mwa waliotoka katika kituo hicho hicho ni Farid Mussa, Gadiel Michael na Mudathir Yahya.

Msimu wa 2013–14 Azam ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Wakati huo Manula alikuwa bado anagombea namba na Mwadini Ally, kipa mwenye uzoefu zaidi.

Mwaka 2015 Azam ilishinda Kombe la Kagame, mashindano ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, yaliyofanyika Dar es Salaam. Katika robo fainali iliitoa Yanga kwa mikwaju ya penalti baada ya sare tasa, na katika fainali ya tarehe 2 Agosti iliifunga Gor Mahia ya Kenya mabao 2–0. Azam ilimaliza mashindano hayo bila kuruhusu bao hata moja. Manula alikuwa na umri wa miaka 19.

Januari 2017 Azam ilitwaa Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar kwa kuifunga Simba bao 1–0 katika fainali.

Simba SC

Katikati ya mwaka 2017 Manula alijiunga na Simba pamoja na wenzake watatu kutoka Azam: mshambuliaji John Bocco na mabeki Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Simba ilikuwa haijatwaa ubingwa wa ligi tangu msimu wa 2011–12. Baada ya usajili huo ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017–18 hadi 2020–21. Ilitwaa pia Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2020, ilipoifunga Namungo mabao 2–1 mjini Sumbawanga, na mwaka 2021, ilipoifunga Yanga bao 1–0 mjini Kigoma. Katika kipindi hicho Manula alichaguliwa kuwa kipa bora wa ligi zaidi ya mara moja.

Mashindano ya Afrika

Kipimo kigumu zaidi kilikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimu wa 2018–19 Simba ilipangwa kundi moja na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo na JS Saoura ya Algeria. Ilifungwa 5–0 mjini Kinshasa, kisha 5–0 nchini Misri, na baadaye 2–0 nchini Algeria. Lakini nyumbani ilishinda mechi zote tatu: 3–0 dhidi ya Saoura, 1–0 dhidi ya Al Ahly na 2–1 dhidi ya Vita. Kwa jumla Simba ilifungwa mabao 12 ugenini na bao 1 tu nyumbani, ikafuzu robo fainali. Huko ilitolewa na TP Mazembe baada ya sare ya 0–0 Dar es Salaam na kipigo cha 4–1 Lubumbashi.

Miaka miwili baadaye hali ilikuwa tofauti. Katika hatua ya makundi ya msimu wa 2020–21 Simba ilikutana tena na Al Ahly na Vita, pamoja na Al Merrikh ya Sudan. Ilishinda 1–0 mjini Kinshasa, ikaifunga Al Ahly 1–0 jijini Dar es Salaam, na kuongoza kundi kwa pointi 13. Katika mechi sita iliruhusu mabao mawili tu, ikilinganishwa na 13 ya msimu ule wa 2018–19. Safari hiyo iliishia robo fainali dhidi ya Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini: Simba ilifungwa 4–0 ugenini na kushinda 3–0 nyumbani.

Mwaka 2022 Simba ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Iliifunga Orlando Pirates 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 ugenini, na kutolewa kwa penalti 4–3.

Majeraha na ushindani

Aprili 2023 Manula aliumia na baadaye alifanyiwa upasuaji nchini Afrika Kusini. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana Ally Salim, aliyedaka katika mechi za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wydad ya Morocco, ambazo Simba ilitolewa kwa penalti.

Kwa mchezaji wa ndani, kurudi baada ya majeraha huwa rahisi kidogo kwa sababu kocha anaweza kumwingiza dakika chache chache, hata katika nafasi nyingine. Golikipa hana njia hiyo: ama anaanza, ama anakaa benchi. Manula alirejea langoni katika mchezo wa watani wa jadi wa tarehe 5 Novemba 2023, ambao Simba ilifungwa na Yanga mabao 5–1.

Wakati huo huo ushindani ulikuwa umeongezeka. Kanuni za ligi ziliruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni, na klabu kubwa zilianza kutafuta makipa nje ya nchi. Yanga ilimsajili Djigui Diarra wa Mali mwaka 2021. Simba ilimsajili Ayoub Lakred wa Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Baada ya Camara kuwasili Manula alicheza mara chache sana. Mwaka 2025 aliondoka Simba na kurejea Azam, klabu iliyomlea.

Ujio wa makipa hao umeinua kiwango cha ligi, lakini pia umeibua mjadala kuhusu timu ya taifa. Kila klabu kubwa inayompanga kipa wa kigeni humwachia kocha wa Taifa Stars kipa mmoja Mtanzania pungufu anayecheza mechi kubwa kila wiki.

Timu ya taifa

Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda 3–0 jijini Dar es Salaam na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, wakati lango la Tanzania lilipolindwa na Juma Pondamali. Katika fainali hizo nchini Misri, chini ya kocha Emmanuel Amunike, Tanzania ilifungwa na Senegal 2–0, Kenya 3–2 na Algeria 3–0.

Nafasi ya Manula haikuwa ya kudumu. Septemba 2019, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi, langoni alikuwepo mkongwe Juma Kaseja, na Tanzania ilipita kwa penalti. Manula alirudi na kuwemo katika kikosi kilichocheza michuano ya CHAN nchini Kamerun, Januari 2021.

Katika fainali zilizofanyika Ivory Coast, Januari 2024, Tanzania ilifungwa na Morocco 3–0, ikatoka sare ya 1–1 na Zambia iliyosawazisha dakika za mwisho, kisha ikatoka sare ya 0–0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 24 Januari. Mchezo huo wa mwisho ulikuwa wa tisa kwa Tanzania katika historia ya fainali hizo, na wa kwanza kumalizika bila timu hiyo kufungwa bao.

Mafanikio

Azam FC
Ligi Kuu Tanzania Bara: 2013–14
Kombe la Kagame: 2015
Kombe la Mapinduzi: 2017

Simba SC
Ligi Kuu Tanzania Bara: 2017–18, 2018–19, 2019–20, 2020–21
Kombe la Shirikisho la Tanzania: 2019–20, 2020–21