Ukiulizwa Baada ya Kupasuliwa

Asubuhi mganga apitapo kati ya vitanda pamoja na wauguzi, huuliza kila mgonjwa, "Jambo, mama. Habari?" Naye mgonjwa hujibu, "Muzuri, munganga." Pengine mama huyo hakulala hata kidogo usiku, na kidonda chake kinamchoma kama moto. Lakini amesalimiwa, na sisi sote tulifundishwa tangu utoto kwamba salamu hujibiwa kwanza kwa neno jema, hata kama nyumbani kuna msiba. Desturi hiyo ni nzuri njiani na sokoni. Kitandani mwa hospitali huweza kumdhuru mtu.

Nataka kueleza kwa nini tunawauliza maswali mengi watu waliopasuliwa, tena si siku ya kutoka tu, bali baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi mitatu, na pengine baada ya mwaka. Wengine huudhika. Husema, "Kwani waganga hawajui kazi waliyoifanya? Si wao waliofungua tumbo langu?" Ni kweli, mganga ajua alichokata na alichoshona. Akitazama kovu, ataona kama limefunga. Akitazama picha ya mfupa, ataona kama umeungana. Lakini yako mambo asiyoweza kuyaona kwa macho wala kwa mashine: maumivu ya usiku, ganzi, haya, kama waweza kuchuchumaa chooni, kama waweza kupandisha bidoni ya maji kutoka ziwani, kama mume wako anakula tena chakula ulichokipika. Hayo ayajua mwenye mwili peke yake.

Yesu alimwuliza kipofu

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, twasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Angalieni jambo hili, ndugu. Yeye aliyeyajua macho ya mtu huyo kuliko mganga yeyote, aliuliza. Na kipofu hakujibu, "Aksanti Bwana, sasa naona vizuri sana." Alisema kama alivyoona: watu wapo, lakini wafanana na miti inayotembea. Hakukaripiwa kwamba hana imani. Yesu alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona vyema.

Nimefundisha habari hii mara nyingi katika vyumba vya wagonjwa, na kila mara nawaza: mtu huyu angalijibu kwa adabu tu, angalirudi nyumbani na miti yake.

Tundu limefungwa, kitambaa kimelowa

Hapa kwetu ugonjwa uliotufundisha jambo hili kuliko magonjwa yote ni fistula. Mama anashikwa na utungu siku mbili au tatu, mbali na hospitali, labda huko Walikale au Masisi ambako njia ni mbaya au vita vimeifunga. Kichwa cha mtoto kinabana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Damu haipiti, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linafunguka. Mkojo unatoka mchana na usiku bila kukoma. Mara nyingi na mtoto amekufa. Wengine walipata tundu hili kwa jeuri waliyotendewa vitani, wala hawana kosa lolote.

Ugonjwa huu hupasuliwa na kupona. Hapa Goma hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na Dokta Jo Lusi na mke wake Lyn, imewapasua akina mama wengi sana, ingawa moto wa Nyiragongo uliharibu sehemu kubwa ya hospitali hiyo mwezi wa Januari 2002 ikabidi ijengwe tena. Kule Bukavu iko Panzi, ya mwaka 1999, ya Dokta Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018. Na kabla yao wote Dokta Reginald Hamlin na mke wake Catherine walifungua hospitali ya fistula huko Addis Ababa mwaka 1974.

Sasa, tutajuaje kwamba mama amepona? Baada ya kupasuliwa huwekewa mpira wa mkojo kwa muda wa siku 14 hivi. Kisha mganga hutia kibofuni maji yenye rangi ya buluu na kuweka kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki cheupe, tundu limefungwa, naye huandika hivyo katika fishi. Wala hakuandika uongo.

Lakini wako akina mama ambao tundu limefungwa, na bado mkojo huwatoka wakikohoa, wakicheka, wakiinua mzigo au wakitembea. Sababu yake ni kwamba utungu ule mrefu haukutoboa nyama tu, uliharibu na mahali panapouzuia mkojo. Mganga atasema, "Nimefaulu." Mama atasema, "Kikwembe changu kimelowa." Wote wawili wasema kweli. Basi, kati ya kweli hizi mbili, ni ipi aliyoifuata mama alipopanda gari siku mbili kuja kwetu?

Nitaungama kosa langu. Hospitali niliyofanya kazi wakati huo siitaji. Mama mmoja alipimwa kwa maji ya buluu, kitambaa kikawa cheupe. Siku ya kutoka nilisimama mlangoni mwa chumba chenye vitanda vingi, na shemeji yake alikuwa nje na pikipiki iliyokwisha kulipiwa. Nikamwuliza kwa sauti, "Mama, umepona?" Akajibu, "Nimepona, Mungu asifiwe." Nikaandika. Jumapili alisimama kanisani kwao akatoa ushuhuda, na watu wakapiga vigelegele.

Baada ya miezi mingi nilipita kijijini kwao kwa kazi ya Injili, sikumwona kanisani. Nilimkuta nyuma ya jiko, peke yake. Mkojo ulikuwa ukimtoka kila ainamapo. Alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha maji kwa siku ili usitoke mwingi, na kwa hiyo mkojo wake ulikuwa mkali, wenye harufu, umemchoma ngozi ya mapaja. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mama, mliniombea, mkanipasua, hamkunitoza kitu. Na wewe uliponiuliza, kalamu ilikuwa mkononi. Ningesema nini?"

Sikuwa na jibu. Bwana wetu alimtoa kipofu nje ya kijiji kabla ya kumwuliza. Mimi nilimwuliza mama huyu mbele ya watu wote.

Kwa nini watu wanaficha

Shukrani ni sababu moja. Nyingine ni hofu ya kutozwa tena, na hofu ya kisu. Wengine waogopa kumwaibisha mganga aliyewatendea mema. Na liko jambo ambalo nawaambia wazee wa kanisa bila kuficha: mnawaharakisha watu kutoa ushuhuda. Mtu akiisha kusimama mbele ya kanisa na kusema amepona, atarudije hospitalini? Ataonekana mwongo, au mtu ambaye dhambi yake imerudisha ugonjwa. Mwacheni mtu aseme, "Leo naona watu kama miti." Huo nao ni ushuhuda, tena umo katika Injili.

Mganga wa Boston

Jambo la kumfuata mgonjwa hata ijulikane kama matibabu yamemfaa si geni. Zaidi ya miaka mia iliyopita alikuwako mpasuaji katika mji wa Boston, Marekani, jina lake Ernest Amory Codman. Alimwandikia kila mgonjwa kadi: alikuja na shida gani, alitendewa nini, na baada ya mwaka mmoja hali yake ilikuwaje. Kama hakupona vema, aliuliza kwa nini, na kosa lilikuwa la nani. Alifungua hospitali yake ndogo mwaka 1911. Hata kufika mwaka 1916 walikuwa wametoka humo wagonjwa 337, naye akachapa makosa 123 kitabuni, yake mwenyewe yakiwemo, ili kila mtu ayasome. Waganga wenzake hawakupendezwa. Alikufa mwaka 1940, na kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina hata mwaka 2014.

Lakini kadi ya Codman iliandikwa kwa mkono wa mganga. Siku hizi mahali pengi mgonjwa mwenyewe hupewa kalamu. Huko Uingereza, tangu Aprili 2009, mtu anayebadilishiwa nyonga au goti hupewa karatasi ya maswali kabla ya kupasuliwa, na nyingine miezi 6 baadaye. Anaulizwa juu ya maumivu ya usiku, juu ya kutembea, hata kama anaweza kuvaa soksi mwenyewe. (Sisi soksi si shida yetu. Sisi twauliza juu ya kuchuchumaa.) Hata mwaka 2017 waliwauliza na wenye ngiri. Majibu yalishangaza: wa nyonga, karibu 9 katika kila 10 walisema afya yao imekuwa bora, wa ngiri, nusu hivi tu. Si kwamba wapasuaji wa ngiri walikuwa wabaya. Wagonjwa wengi wa ngiri hawakuwa na shida kubwa tangu mwanzo, basi hapakuwa na mengi ya kupona. Jambo hili lisingejulikana kama wangeulizwa mara moja tu, mwishoni. Ndiyo sababu nasi twauliza kabla ya kisu na baada yake. (Lakini mwenye ngiri asome vizuri: ikikaza, ikiuma sana na isirudi ndani, usingoje hata usiku mmoja.)

Nalimjua kijana wa chukudu aliyepasuliwa ngiri. Kovu lake lilikuwa zuri kama mstari wa kalamu. Kila alipoulizwa "Unaumwa?" alisema hapana, nasi tulifurahi. Siku moja muuguzi mwingine alimwuliza, "Wabeba magunia mangapi ya makala sasa, na zamani ulibeba mangapi?" Alikuwa hajagusa chukudu miezi minne. Akiketi haumwi, akisukuma, maumivu yalimkata kinena. Mkewe ndiye aliyewalisha watoto. Swali la kwanza lilikuwa juu ya kidonda, la pili juu ya maisha yake.

Namna tunavyouliza sasa

Twamwita mgonjwa kando, peke yake, na mwanamke huulizwa na mwanamke. Hatumwulizi, "Umepona?" Twamwuliza mama wa fistula jana alikunywa vikombe vingapi vya maji, kwa maana asiyekunywa anaweza kuwa mkavu leo na kuugua kesho. Twauliza alibadili vitambaa vingapi. Twauliza Jumapili aliketi wapi kanisani. Majibu yanaandikwa kama alivyoyasema, kwa maneno yake, si ya kwetu. Kisha mpasuaji na wauguzi wanayasoma pamoja, na kama akina mama watatu wamesema shida moja, haiwezi kuitwa tena bahati mbaya ya mmoja.

Vita vinatusumbua sana katika kazi hii. Mwezi wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, hospitali za Goma zilijaa majeruhi, hata watu wakalala chini. Wengi waliopasuliwa mikono na miguu siku zile walikwenda zao kabla ya kuulizwa lolote, na namba za simu walizotuachia hazijibu. Luka aandika juu ya wakoma kumi na yule mmoja aliyerudi. Sisi tunapohesabu, ni rahisi kudhani wale tisa wote ni wazima. Wa Injili walitakasika kweli. Wa kwetu hatuwezi kuwahesabu hivyo mpaka tusikie kwao.

Kwa hiyo kama ulipasuliwa, hapa au hospitali nyingine, na bado una shida, rudi, au mtume mtu, au mwambie mchungaji atupigie simu. Usingoje siku uliyopewa kama una homa, usaha, damu, au mguu uliokufa ganzi. Kueleza shida si kumshitaki mganga. Na uulize kwanza kama kuna malipo, usikae nyumbani kwa hofu ya malipo ambayo labda hayapo.

Yule mama wa nyuma ya jiko alirudi nasi. Alifundishwa kunywa maji kwa wingi na kuyazoeza maungo ya chini kwa kuyakaza na kuyalegeza kila siku. Ilipopita miezi ya kungoja, alipasuliwa mara ya pili. Miezi mitatu baadaye nilimwita chini ya mti, mbali na watu, kalamu ikiwa mfukoni. Katika fishi yake imeandikwa hivi: Maji, vikombe 8. Kitambaa 1, akikohoa kwa nguvu tu. Kanisani, benchi la tatu, katikati.